Mgeni wa wiki mbili aliyekaa miaka 11: maisha ya mbwa wangu wa Sahare, Tanga

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Jumapili iliyopita nimemzika mbwa wangu. Najua yupo atakayesema mbwa hazikwi, anafukiwa. Mimi nimemzika.

Aliitwa Mgeni. Jike, rangi ya mchanga wa pwani, sikio la kushoto limekunjika, na shingoni ana kovu la kuzunguka kama aliyevaa mkufu. Naandika kwa sababu juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu kaniletea kitoto cha mbwa alichokiokota kule Deep Sea, sokoni kwa samaki, akaniuliza, "Baba, huyu nimlee vipi?" Nikafungua mdomo, nikashindwa. Basi nimekaa kumwandikia yeye. Mwenye haja naye asome. Uzi ni mrefu, mnivumilie, nitaleta kidogo kidogo.

Agosti 2013 nilikuwa nachomelea geti kwa mama mmoja mstaafu, Raskazone. Uwani kwake kulikuwa na mbwa tisa, wote wa kuokota. Wa kumi alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, hatoki. Kisa chake ni kile tunachokiona Tanga kila siku: mtu kafunga kitoto cha mbwa kwa kamba ya katani, mbwa kakua, kamba haikulegezwa. Shingo ikapanuka, kamba ikabaki palepale, nyama ikaifunika. Harufu yake uliisikia kabla hujamwona.

Yule mama akaniambia, "Mwanangu, huyu akikaa na wenzake watamuuma kwenye kidonda. Nishikie wiki mbili tu, kidonda kikauke, mwenye kumchukua nitamtafuta." Nilimwonea haya kumkatalia. Nikamfunika mbwa na gunia, nikamweka kwenye toroli la vyuma vyangu, nikamsukuma hadi Sahare.

Daktari wa mifugo alikuja siku ileile jioni. Alimchoma sindano ya usingizi, akanyoa manyoya, akakata kamba kwa mkasi. Iligoma kutoka kwa sababu ilikuwa imeshaota ndani. Ikabidi avute uzi mmoja mmoja kwa kibano, na mimi nikishika tochi na kichwa chake. Zile nyuzi zilitoka zimelowa usaha, nyembamba, kama ndevu za hindi. Nyingine zikakatikia ndani akazirudia. Tulianza kabla ya adhana ya magharibi, tukamaliza isha imeshapita. Alipoanza kuzinduka alinitazama, akatoa ulimi, akaramba kidole changu mara moja, akafumba macho tena.

Mke wangu alisimama mlangoni muda wote ule. Hakusema neno. Asubuhi aliniuliza jina lake nani. Nikasema huyu ni mgeni tu, anaondoka. Likawa ndilo jina.

Mchangiaji kutoka Korogwe

Mkuu naweka kambi hapa. Hiyo ya katani nimeiona kwa macho yangu, tena kwa mbwa wa shambani kwetu. Endelea.

Mleta uzi

Naendelea. Kidonda kilichukua wiki sita, si mbili. Kukiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, dawa ya kufukuza nzi wasitage funza, na dawa za kumeza nikizificha ndani ya tonge la ugali na dagaa. Daktari alimwangalia meno: ya utu uzima yote yameshaota, meupe, hayajalika. Akasema huyu hajafika mwaka. Akamchoma chanjo ya kichaa, akaniandikia kadi. Ile kadi ninayo mpaka leo, ina mihuri ya kila mwaka.

Desemba yule mama akapata mtu, mkulima wa machungwa Muheza, mtu mzuri, anataka mbwa wa kulinda shamba. Tulimpeleka kwa bajaji hadi stendi, mkulima akapanda naye gari la kukodi. Nilirudi nyumbani nikaosha banda, nikaligeuza chini juu. Nilijiambia kazi imekwisha.

Siku ya tisa simu ikalia. "Fundi, mbwa wako hali. Habweki. Amelala tu." Nikaenda. Nilimkuta chini ya mchungwa, amefungwa kwa kamba. Hakuwa amefungwa kwa ubaya, kamba ilikuwa ndefu na kivuli alikuwa nacho. Lakini ilikuwa kamba, na ilikuwa shingoni. Alikuwa amelala vilevile kama alivyojibanza nyuma ya pipa, pua imefukiwa mchangani. Nilipoifungua aliinuka taratibu, akatingisha mwili mzima, akaenda kunywa maji.

Kosa lile lilikuwa langu. Yule mkulima sikumwambia. Nilimpa mbwa, kadi na kilo mbili za dagaa, nikasahau kumpa kile kitu kimoja alichohitaji kujua. Kijana wangu, na wewe yeyote unayelea mnyama kwa muda ili apelekwe kwingine: ulichokiona katika zile wiki ndicho unachotakiwa kukikabidhi. Anaogopa nini, analala wapi, anakula mkono wa nani. Kwa kuwa wewe ndiye unayejua.

Mkulima hakuwa na kinyongo, alinipa na gunia la machungwa. Tukarudi Tanga wote wawili. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamkata ukosi kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mlaini, unaovutika, nikauandika namba yangu ya simu. Shingo yake haikuguswa na kamba tena.

Mchangiaji wa Ngamiani

Asante kwa uzi, fundi. Mimi niulize bila kuficha: wewe kwa maandishi yako ni Muislamu. Mbwa ndani ya nyumba na swala unaviwekaje pamoja?

Mleta uzi

Swali zuri, na ndilo nililoulizwa mtaani kuliko yote.

Mimi nimesoma chuo cha Kurani hukohuko Ngamiani. Sisi wa pwani ni Mashafi, na kwa madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sibishani na hilo na sijawahi kubishana. Wamaliki wana kauli nyingine, lakini mimi nimelelewa katika hii na nimeifuata. Mgeni hakuingia ndani hata siku moja. Banda lake lilikuwa uwani, bakuli lake la bati halikuchanganywa na vyombo vyetu, na karibu na bomba niliweka ndoo ya udongo safi. Kulikuwa na msumari ukutani penye kaptura na shati la kumshughulikia. Nikimaliza navua, naoga, naenda msikitini. Miaka 11 haikunishinda.

Ila watu wetu wengi wanachanganya najisi na laana. Kuwa na mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa shamba, dini imeruhusu. Hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe, imo katika Bukhari. Na katika Suratul Kahf mbwa wa watu wa pangoni ametajwa, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Ustadhi wangu alinisomesha aya hiyo mimi nikiwa na miaka minane, na jioni yake sisi wanafunzi tulimpiga mawe mbwa njiani. Hakuna aliyetukataza.

Nina jirani, bibi wa makamo ya mama yangu, mtu wa ibada sana. Alipomwona Mgeni mara ya kwanza alivuta baibui akazunguka njia. Mwaka wa pili akaanza kunibakizia vichwa vya samaki. Aliviweka kwenye sufuria kuukuu, juu ya ukuta unaotutenganisha, akagonga ukuta mara mbili. Mgeni alijua mlio ule wa kugonga. Alikaa chini, masikio juu, mpaka nitoke nimshushie. Bibi hakuwahi kumgusa, na mbwa hakuwahi kumsogelea. Walijuana hivyo.

Mchangiaji mwingine

Watoto wa watu wanalala njaa, wewe unamlea mbwa miaka 11 na daktari juu. Vipaumbele vyetu Waafrika vina walakini.

Mleta uzi

Ndugu, sikuchukulii vibaya, maana na mimi niliwahi kusema hivyo. Mgeni alikula ukoko wa ugali, dagaa waliovunjika, vichwa vya samaki vya Bibi, na utumbo nikipita buchani. Pesa niliyotoa kweli ni ya dawa na chanjo. Na chanjo ya kichaa siyo anasa ya mbwa, ni usalama wa hao watoto unaowataja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi Asia na Afrika, na karibu wagonjwa wote, asilimia 99, wameupata kwa mbwa. Mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 ya walioko mahali, ugonjwa unakosa pa kupita. Mbwa aliyechanjwa ndiye anayesimama kati ya ugonjwa na mtoto wako. Ukiwapiga risasi waliochanjwa, wanakuja wengine kujaza nafasi, hawajachanjwa. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, inakataza ukatili, ingawa ukiitaja kijiweni watu wanakutazama.

Mama wa Pongwe

Samahani fundi, nakukatisha. Mwanangu amekwaruzwa na jino la mbwa wa jirani leo mchana mguuni. Damu ilitoka kidogo sana. Jirani anasema mbwa wake mzima. Nimempaka mafuta ya taa. Inatosha?

Mleta uzi

Dada, haitoshi. Funga simu sasa hivi. Mwoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Halafu mpeleke hospitali leoleo, usingoje kesho, ueleze ameng'atwa na mbwa, aanze sindano, na azimalize zote kwa tarehe watakazokuandikia. Kidonda kuwa kidogo si hoja. Virusi vinatembea kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, vinaweza kuchukua wiki au miezi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mwambie jirani amfungie mbwa amwangalie siku 10, na akuonyeshe kadi ya chanjo. Lakini mtoto asisubiri hizo siku 10. Nijulishe tafadhali.

Mama wa Pongwe

Tumetoka hospitali. Amechomwa ya kwanza. Kadi ya mbwa haipo. Mungu akulipe.

Mleta uzi

Alhamdulillahi. Nimekaa na simu mkononi muda wote.

Niendelee sasa. Miaka ya katikati sitaieleza sana, maana furaha haina mengi ya kusimulia. Asubuhi nilikwenda kazini kwa baiskeli, yeye pembeni, hadi kona ya Raskazone, pale anageuka mwenyewe kurudi kulinda. Jioni alinisubiri kona ileile. Watu wa barabara ile walimjua kuliko walivyonijua mimi.

Jambo moja kijana aliandike: kama ni jike, mfungishe kizazi mapema. Mgeni alipopata joto mara ya kwanza tulikuwa na madume 14 nje ya ukuta, wanapigana usiku kucha, na majirani walikuwa na haki ya kulalamika. Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu, na watoto sita au saba utawapeleka wapi? Ndio haohao wanaoishia kufungwa katani. Alipofanyiwa upasuaji alikuwa anaramba mshono, mke wangu akachukua kanga yake kuukuu akamshonea fulana yenye matundu manne ya miguu. Huyohuyo aliyesimama mlangoni kimya.

Halafu masika ya 2017. Mvua zikikolea kupe wanakuwa wengi. Niliona Mgeni amelegea, hali, ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Siku ya pili damu ikatoka puani, tone kwa tone, inaingia kwenye bakuli la maji. Nilidhani amelishwa sumu. Daktari akasema homa ya kupe, hawa kupe wa kahawia wa mbwa ndio wanaoisambaza, inamaliza chembe za kugandisha damu. Akaandika doksisaiklini ya siku 28. Siku ya tano alikuwa anakimbia, na hapo ndipo wengi wanaacha dawa. Tulimaliza zote 28. Tangu hapo kila Ijumaa asubuhi nilimkagua kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukosi.

Na jamani, msimpe mbwa dawa zenu za maumivu. Diklofenaki na wenzake zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Vitunguu pia, vinaua chembe nyekundu za damu; mchuzi uliobaki si chakula chake. Haya sikuyajua mwanzo.

Mchangiaji kutoka Korogwe

Mkuu tumefika wapi? Mwisho ulikuwaje? Kama unaumia usiseme.

Mleta uzi

Naumia, lakini ndipo palipo na jambo ninalotaka kijana alisikie.

Mwaka jana mwishoni nilianza kuona bakuli la maji. Zamani nililijaza asubuhi likakauka jioni. Likawa linakauka saa nne asubuhi. Anakunywa, anakojoa, anakunywa. Akakonda mpaka nikahesabu mbavu, mdomo ukawa unanuka kama mkojo. Kwenye kona ya Raskazone hakufika tena. Alinisubiri getini, baadaye akanisubiri bandani. Daktari alichukua damu, majibu yakaja: figo zimechoka. Alimwekea dripu siku kadhaa na tukapata miezi miwili mizuri, alikula, na jioni moja alitembea hadi ufukweni polepole akalala mchangani akitazama ngalawa. Nilikaa naye mpaka giza.

Kisha akaanguka. Hakuinuka kwa nguvu zake tena. Daktari akaniambia kwa upole, "Fundi, hapa tulipofika mimi sina cha kumponya. Ninacho cha kumpumzisha."

Mimi nikasema tusubiri. Binti yangu yuko chuoni Dodoma, alikua naye, nilitaka aje amuage. Siku nne. Katika zile siku nne Mgeni alitapika mpaka hana cha kutapika, alijichafua na kulia kwa aibu, maana alikuwa mbwa msafi. Usiku nilikuwa nakaa naye uwani, namlowanishia ulimi kwa kitambaa. Binti alifika, akapiga magoti, na neno lake la kwanza halikuwa la kumuaga. Aliniuliza, "Baba, kwa nini ameningoja mimi?"

Sina jibu. Nilisubiri kwa ajili yetu. Kijana, siku hiyo ikifika na daktari unayemwamini akikwambia, usihesabu nani hajafika. Mpigie simu aliye mbali, mwekee mbwa sikioni aongee naye, halafu mwache daktari afanye.

Ilifanyika asubuhi, chini ya mti wa mkungu. Nieleze ili isiwatishe: sindano ya kwanza ni ya usingizi, anazama kama anavyozama baada ya chakula. Ya pili ni dawa ya ganzi iliyozidishwa, moyo unasimama ndani ya dakika chache. Macho hayafumbi. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baada ya hapo, si kwamba amerudi. Nilijua, daktari aliniambia, na bado ile pumzi ilinishtua.

Kabla ya sindano ya kwanza nilimvua ule mpira. Nilitaka aende shingo wazi. Manyoya hayakuwahi kuota juu ya kovu, na chini ya mpira ngozi ilikuwa laini, ya joto. Niliweka mkono pale, nikaubakiza pale mpaka mwisho.

Shimo nililichimba hadi kifuani, kwa sababu ile dawa inabaki mwilini na mnyama mwingine akifukua akala atakufa. Mke wangu alileta ile fulana ya kanga. Alikuwa ameitunza.

Mchangiaji wa Ngamiani

Pole sana fundi. Pole kwa familia. Nimesoma mpaka hapa nikiwa kazini, nimetoka nje kwanza.

Mchangiaji mwingine

Mimi ndiye niliyesema habari ya watoto na njaa. Pole, mkuu. Chanjo za bure hutolewa lini? Nina mbwa wawili, hawajawahi kuchanjwa.

Mleta uzi

Asanteni nyote. Ndugu, sehemu nyingi huwa na zoezi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Lakini usingoje Septemba, nenda kwa ofisa mifugo wa kata yako wiki hii.

Nimalizie na hili. Jumatatu asubuhi, Mgeni ana siku moja ardhini, nikasikia ukuta unagongwa mara mbili. Sufuria iko palepale, imejaa vichwa vya samaki, mvuke unatoka. Nikadhani Bibi hajapata habari. Nikasogea ukutani nikamwambia, "Bibi, Mgeni ameondoka jana."

Akasema, "Najua, mwanangu. Nilikuona unachimba. Nimesikia yule kijana ana mwingine. Mpelekee kabla havijapoa."